Vikundi Vitatu, Oda Moja: Jinsi ya Kuanza Kufanya Biashara Pamoja Mombasa

Maswali ni yale yale. Tusajili muungano wa aina gani? Nani awe mwenyekiti? Tumwandikie mfadhili yupi? Yanaulizwa na vijana wanaozoa taka Kisauni, akina mama wanaoshona Majengo, na wanaotunza vitalu vya mikoko kando ya mkondo wa Tudor. Kwa yote matatu jibu langu ni moja: bado. Kwanza fanyeni kazi moja ndogo pamoja, mlipwe, mgawane mbele ya macho ya wote. Mambo ya vyeo na vyeti yatakuja, na yatakuwa mepesi zaidi.

Mwongozo huu ni wako ikiwa kikundi chako kinauza bidhaa au huduma ili kijiendeshe, na faida inarudi kwa watu au kwa mazingira. Hiyo ndiyo biashara ya kijamii. Kenya haina cheti maalumu cha jina hilo, kwa hiyo usisumbuke kukitafuta. Utakuta wengine wamesajiliwa kama kikundi cha kijamii, wengine chama cha ushirika, wengine kampuni, na wote wanaweza kufanya kazi pamoja.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Cheti cha usajili ambacho hakijaisha muda. Kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10. Kama cheti chenu ni cha zamani, pita kwanza ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu.
- PIN ya KRA (namba ya kodi) ya kikundi, si ya mweka hazina.
- Daftari la mauzo na matumizi la miezi mitatu iliyopita, hata kama ni la kurasa chache. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya vikundi vitatu hupotea mara tatu.
- Gharama yako halisi kwa kila kipande, kila kilo au kila nyumba unayohudumia. Usiyejua gharama yako utakubali bei yoyote mezani, kisha utawalaumu wenzako.
- Mtu mmoja wa kupokea simu na kujibu siku hiyo hiyo.

Ofisi, nembo, fulana za muungano na katiba ya kurasa 20 havihitajiki kwa sasa.

Hatua ya 1. Andika mlicho nacho na mnachokosa

Chukueni karatasi moja. Upande mmoja andikeni vitu ambavyo mnavyo na havifanyi kazi kila siku: cherehani inayolala wikendi, mizani, stoo yenye nafasi, mkokoteni, binti anayejua hesabu za kompyuta, urafiki na meneja wa hoteli fulani. Upande wa pili andikeni yanayowakwamisha: gari la kubebea, pesa za kununua malighafi kabla ya kulipwa, mteja mkubwa.

Kuweni wakweli. Kikundi kinachojaza upande wa kwanza na kuacha wa pili mtupu hakihitaji wenzake, na kama kinasema kinawahitaji, kina jambo jingine moyoni.

Hatua ya 2. Tafuta wenzako wawili

Si kumi. Wawili wanatosha kuanzia, na mmoja wao asiwe jirani yako. Wataalamu huita hali hii ya kuaminiana na kusaidiana mtaji wa kijamii, nao hutofautisha uaminifu unaowafunga watu wanaofanana na ule unaowavusha hadi kwa wasiofanana nao. Kwa lugha ya mtaani: jirani atakusaidia shida ikikufika usiku, lakini anawajua wateja wale wale unaowajua wewe. Kikundi cha Likoni kikishirikiana na cha Nyali, kila kimoja kinapata mlango ambao hakikuwa nao.

Tafuta pia kazi zinazoshikana. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, kwa hiyo shule na hoteli zinahitaji mtu wa kuchukua mabaki ya chakula na mtu wa kuchukua plastiki. Kikundi cha kuzoa, kikundi cha mboji na kikundi cha kukusanya chupa wakienda kwa meneja kwa pamoja, wanampunguzia usumbufu wa kupigia simu watu watatu. Akina mama washonaji nao wana soko la mifuko ya kitambaa tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017, lakini oda za hoteli mara nyingi huzidi uwezo wa kikundi kimoja.

Kabla ya kuwaita mkutanoni, ulizia habari zao. Muulize mwenye duka wanakonunua vitambaa kama wanalipa madeni. Muulize mzee wa mtaa. Waulize wanachama wa kawaida lini waliposomewa hesabu mara ya mwisho. Mwenyekiti atakwambia mambo mazuri, mwanachama atakwambia mambo yalivyo.

*Tahadhari:* usimchague mwenzako kwa sababu mna chama kimoja cha kuchangiana au mnasali pamoja. Undugu huo ni mwema, lakini huwa vigumu kumdai ndugu pesa ya kitambaa.

Hatua ya 3. Fanyeni kazi moja ndogo, yenye mwisho

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu wote. Kazi ya kwanza iwe na sifa nne: iishe ndani ya wiki mbili au tatu, ilipwe pesa taslimu au kwa haraka, ionekane na kuhesabika, na hasara yake isiumize nyumba ya mtu. Kuuza plastiki kwa pamoja ni mfano mzuri. Mnunuzi mkubwa hujali wingi na usafi. Lori likienda nusu, nauli ni ile ile ya lori lililojaa. Vikundi vitatu vikijaza lori moja, nauli kwa kila kilo inashuka bila mtu kuongeza jasho.

Lakini plastiki ndiyo hugombanisha watu kwa mizani, basi fanyeni hivi:

1. Kubalianeni aina. Chupa za maji zisizo na rangi peke yake, za rangi peke yake, plastiki ngumu za madumu na beseni peke yake. Vifuniko vitolewe.
2. Tumieni mizani moja kwa vikundi vyote. Ipitishwe kituo hadi kituo.
3. Kila gunia lipimwe mbele ya watu wawili, mmoja wa kikundi chenye gunia na mmoja wa kikundi kingine. Andikeni namba juu ya gunia kwa kalamu ya wino mzito.
4. Gunia lenye maji au mchanga lisipimwe. Lirudishwe likauke.
5. Mnunuzi atapima tena. Kilo zake huenda zikawa pungufu. Upungufu huo gawaneni kulingana na kilo za kila mmoja, isipokuwa gunia lililokataliwa: hilo ni la mwenyewe, na namba iliyoandikwa juu yake itasema ni la nani.

Angalieni kalenda na kivuko pia. Kwa Likoni mtu wa miguu huvuka bure kwenye feri, ila tuktuk na mkokoteni hulipa, na foleni hula asubuhi nzima. Nauli hiyo iingie kwenye gharama za wote, isiwe mzigo wa kikundi cha ng'ambo peke yake. Nimeona vikundi vya Likoni vikijitoa kimyakimya kwa jambo hili moja, na wenzao wa kisiwani wakashangaa.

Hatua ya 4. Gawaneni mbele ya wote

Chukua mfano wa mifuko. Hoteli ya Shanzu inataka mifuko 600 kwa shilingi 200 kila mmoja, yaani shilingi 120,000. Kikundi cha kwanza kinashona 250, cha pili 200, cha tatu 150. Mpangilio ninaoushauri ni huu:

1. Kwanza toeni malighafi. Kitambaa na uzi vikiwa shilingi 80 kwa mfuko, ni shilingi 48,000, na arudishiwe aliyezitoa mfukoni.
2. Kisha usafiri, tuseme shilingi 4,000. Zinabaki 68,000.
3. Kisha aliyehangaika kutafuta oda, kupiga simu na kufuatilia malipo. Mlipeni. Tuseme shilingi 6,000.
4. Kisha akiba ya pamoja, shilingi 2,000.
5. Zilizobaki 60,000 zigawanywe kwa mifuko iliyopokelewa na mteja: shilingi 100 kwa mfuko. Basi 25,000, 20,000 na 15,000.

Watu wengi huruka namba tatu kwa kuona haya. Wanasema kazi hiyo ni ya kujitolea. Mratibu hujitolea mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu anaanza kujilipa kwa njia ambayo hamuioni. Ni haki yake alipwe, na ni haki yenu mjue analipwa kiasi gani.

Mgawo ufanyike siku moja, mahali pamoja, kwa sauti. Kila kikundi kilete watu watatu, si mwenyekiti peke yake. Mwisho piga picha ukurasa wa hesabu uliosainiwa na uutume kwenye kundi la WhatsApp la wote.

Mfuko uliokataliwa kwa mshono mbaya hauhesabiwi, na kitambaa chake analipa aliyeshona. Lakini hili lisemwe kabla ya cherehani kuanza. Likisemwa baadaye litaonekana ni hila. Shoneni mfuko mmoja wa mfano, mteja aukubali, kisha kila kikundi kikae na nakala yake.

Hatua ya 5. Karatasi moja ya makubaliano

Baada ya kazi ya kwanza au ya pili, si kabla, kaeni muandike. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ili kila mwanachama ausome. Uwe na haya: nani ni wanachama na nani si, njia ya kugawana, nani anazungumza na mteja, mteja aliyeletwa na kikundi fulani ni wa nani, nini hufanyika mtu akichelewa au akiharibu, ugomvi unaamuliwa wapi, na kikundi kinajitoaje bila kuvunja kazi iliyo njiani.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia pamoja maji, malisho, misitu na samaki. Zile zilizodumu zilikuwa na mambo yanayofanana: mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, waangalizi kutoka miongoni mwao, pahala pa karibu na rahisi pa kusuluhishana, na adhabu zinazoanza kwa udogo. Hilo la adhabu ndogo ndilo tunalolikosa zaidi. Vikundi vingi huandika kwamba atakayevunja kanuni atafukuzwa. Kosa la kwanza likitokea, hakuna mwenye moyo wa kumfukuza mtu, basi kanuni nzima inakufa. Andikeni faini ya shilingi 200 ya kuchelewa, muitoze kweli, hata kwa mwenyekiti.

Kwa msuluhishi, chagueni mtu mmoja anayeheshimika na vikundi vyote asiye mwanachama wa chochote. Mtajeni kwa jina kwenye karatasi, na awe amekubali.

Hatua ya 6. Njia ya pesa

Pesa za pamoja zisipite kwenye laini ya mtu binafsi. Hata mtu mwaminifu kabisa. Akiwa na deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, pesa zikiingia tu zinakatwa kulipa deni hilo, na yeye mwenyewe hakugusa chochote. Atabaki kuwaeleza watu 40 kwa nini kuna pengo.

Kwa kuanzia, tumieni akaunti ya benki ya kikundi kimoja, mteja alipe huko, na mgawo ufanyike ndani ya siku tatu. Kazi zikizidi, fungueni akaunti ya pamoja yenye watia saini watatu, mmoja kutoka kila kikundi, na wawili kati yao ndio watoe pesa. Benki itataka cheti, muhtasari wa kikao kilichoamua, vitambulisho na PIN. Watia saini wawili wasiwe mtu na mkewe, wala mtu na dadake.

Jambo jingine: kampuni na hoteli sasa hudai invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, kwa sababu tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na invoisi hiyo hayakubaliwi katika hesabu zao za kodi. Kikundi kimoja chenye PIN na eTIMS kinaweza kuandika invoisi kwa niaba ya wote, lakini kumbukeni kwamba mbele ya KRA mauzo yote yanaonekana ni yake. Vikundi vingine navyo vikiandikie invoisi zao, na kama kuna kodi ya kulipwa itolewe kabla ya mgawo.

Hatua ya 7. Mikutano mifupi, mahali panapozunguka

Mara moja kwa mwezi yatosha. Jumamosi asubuhi au siku ya kazi baada ya Alasiri huwafaa wengi; adhuhuri ya Ijumaa na asubuhi ya Jumapili tayari mmepoteza nusu ya watu. Mwezi wa Ramadhani fupisheni kikao. Zungukeni: mwezi huu Mikindani, ujao Likoni, mwingine Kisauni. Mwenyeji atoe chai na mahamri, basi. Wanachama wakiona karakana ya wenzao kwa macho, maneno hupungua. Ajenda ni tatu tu: hesabu, kazi inayokuja, malalamiko.

Hatua ya 8. Sasa panueni

Mkishamaliza kazi tatu au nne bila deni, milango mikubwa inafunguka. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa serikali uitwao AGPO. Kabla ya kuomba tenda, hesabuni kama mnaweza kungoja malipo kwa miezi. Tenda imewafilisi wengi walioikamilisha vizuri.

Usajili wa pamoja nao huu ndio wakati wake. Chama cha ushirika kinahitaji watu wasiopungua 10, kwa hiyo wanachama wa vikundi vyenu wanaweza kuunda kimoja. Muungano wa ushirika ni kitu kingine, huo huundwa na vyama vya ushirika viwili au zaidi, si na vikundi vya kawaida. Muoneni afisa wa ushirika wa kaunti kabla ya kulipa mtu wa kuwaandikia katiba.

Mkitaka kuona ushirikiano uliokomaa, vukeni kusini hadi Gazi, Kwale, kama kilomita 50 kutoka Mombasa. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza mikoko kwa pamoja chini ya Mikoko Pamoja, na tangu 2013 vimekuwa vikiuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na kutumia mapato kwa maji na shule. Watu wa Vanga nao wakafuata njia hiyo. Waulizeni waliamuaje mradi wa kwanza uende kijiji gani.

*Tahadhari:* kubadilishana huduma bila pesa ni jambo zuri: nyinyi mnawazolea taka, wao wanawashonea sare. Liandikeni tu daftarini kwa thamani ya shilingi. Ila msichape vocha zenu za kuzunguka mtaani bila ushauri wa wakili. Vocha za Bangla-Pesa zilipoanza mwaka 2013 katika mtaa wa Bangladesh hapa hapa Mombasa, wafanyabiashara wadogo walidhaminiana wenyewe kwa wenyewe na zikawasaidia kuuziana wakati pesa ni haba, lakini waanzilishi walikamatwa na kushtakiwa, ndipo baadaye mashtaka yakaondolewa.

Mambo yakienda mrama

*Kikundi kimoja kimemwendea mteja peke yake.* Kiulize kwanza kwa faragha. Mara nyingine mteja ndiye aliyewaita. Kama ni kweli, faini iliyoandikwa itozwe na kazi inayofuata wakose mgawo wa mratibu. Mkikosa kuandika lolote kuhusu mteja ni wa nani, hamna la kudai. Rudini hatua ya 5.

*Mteja amechelewesha malipo na watu wanataka pesa zao.* Msikope kwa mtu wa riba ya mtaani. Tumieni akiba ya pamoja kurudisha pesa za malighafi peke yake, wengine wangoje. Kwa oda ijayo dai malipo ya awali yanayolipia kitambaa.

*Mfadhili amekuja na anataka kuona muungano.* Mpe ukurasa wa makubaliano na daftari la mgawo. Asiporidhika, msibuni vyeo haraka ili kumfurahisha. Pesa zake zikikubaliwa ziingie akaunti ya pamoja, na mgawo uamuliwe kikaoni kabla hazijafika.

*Mwanasiasa anataka kuzindua kazi yenu.* Apokewe na vikundi vyote kwa pamoja, asipewe cheo, na mchango wake usomwe kikaoni kama pesa nyingine yoyote. Msimu wa uchaguzi, sare za chama zisiingie karakanani.

*Kikundi kimoja kinaleta kazi mbovu kila mara.* Mpeleke fundi wenu hodari akae nao siku mbili, alipwe kutoka akiba. Kama hali haibadiliki baada ya oda mbili, wapeni sehemu nyingine ya kazi, kukata au kufunga, kabla ya kufikiria kuachana.

*Mratibu amehama au ameolewa mbali.* Ndiyo sababu namba za wateja ziandikwe kwenye daftari la pamoja na kila mteja amjue mtu wa pili. Kama hamkufanya hivyo, mwombeni mratibu awape wiki moja ya simu za watu watatu kwa pamoja: yeye, mteja, na anayechukua nafasi yake.

*Watu wamechoka na hawaji mikutanoni.* Mara nyingi hakuna kazi, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Ahirisheni mikutano, tafuteni oda ndogo, hata ya mifuko 50, mkutane siku ya kugawana.